Jicho Linalosoma Herufi Saba

Mpe mtu herufi A, E, I, N, R, S na T, umwombe neno moja la Kiingereza linalozitumia zote. Atazisogeza huku na huku, na akibahatika ataibuka na RETAINS. Mchezaji mahiri wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, ukimpa herufi hizohizo atakutajia RETINAS, NASTIER, STAINER, ANTSIER, STEARIN na RETSINA, na bado hajamaliza. Watazamaji husema huyo kazaliwa na kipaji. Mimi naona ni ufundi: una hatua zinazofundishika, na anayezifuata kwa subira hufika.

Mchezo wenyewe ulitokana na kuhesabu herufi. Miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani umeporomoka, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi, Alfred Butts, alikaa na magazeti akihesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwongoza kugawa vipande 100: E aliipa 12, A na I tisa tisa, Q na Z kimoja kimoja chenye alama 10. S, ambayo Kiingereza hakiwezi kuishi bila hiyo, aliibana ikabaki na vipande vinne tu, watu wasije wakashinda kwa kubandika wingi mwishoni mwa kila neno. Basi anayetafuta neno katika vipande hivyo anapambana na tabia za lugha ambazo mtu alikwisha kuzipima.

Hatua ya kwanza ya fundi huwashangaza wengi: hatafuti neno. Anazipanga herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. Sababu yake ni kwamba maneno matatu yenye herufi zilezile yana sura tatu, lakini yakipangwa kialfabeti yote yanakuwa na sura moja. PIRATES, PARTIES na TRAIPSE yote yanaishia kuwa AEIPRST. Mchezaji hujisomea kwa kadi au kwa programu: anaoneshwa AEIPRST, anataja maneno yake, anaendelea na kundi jingine. Akirudia mwaka hadi mwaka, makundi maelfu kwa maelfu, inafika siku anaiona sura ile na maneno yanajileta yenyewe.

Hatua ya pili ni kutenga viambishi. Ukiwa na I, N na G, ziweke kando upande wa kulia uone herufi nne zilizobaki zinasema nini. Fanya hivyo kwa ER, EST na IER. Upande wa kushoto jaribu RE, UN na OUT. Kazi ya herufi saba inapungua ghafla kuwa kazi ya herufi nne au tano.

Hatua ya tatu ndiyo inayopima subira. Wachezaji wana mashina ya herufi sita wanayoyatunza kama akiba, na mojawapo ni SATIRE. Ikija D, unapata TIRADES na ASTRIDE. Ikija L, REALIST, RETAILS na SALTIER. Ikija G, STAGIER. Hata herufi ngumu haziachwi bila makazi: V inakupa VASTIER, K inakupa KARITES. Anayetumia herufi zote saba kwa mpigo mmoja huongezewa alama 50, kwa hiyo mjuzi anaweza kukubali alama chache leo ili abaki na herufi zinazoelewana. Mgeni hutazama alama alizopata. Mjuzi hutazama pia herufi alizobakiza.

Mtoto wa pwani aliyecheza kinyume, akaigeuza nyumba kuwa mbanyu, atadhani mchezo huu ni ndugu yake. Undugu upo, ila njia ni nyingine. Silabi za Kiswahili zinasikika kama zinavyoandikwa, hivyo sikio linatosha kuzipindua. Kwa Kiingereza sikio hudanganya: TOUGH na THOUGH zinatofautiana kwa herufi moja, lakini matamshi yake hayafanani hata kidogo. Ufundi huu ni wa jicho.

Jicho kali kuliko yote ni la Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia mara kadhaa. Katika mchezo mmoja alikuwa na C, D, H, L, N, R na kipande kitupu, ambacho hukubali kuwa herufi yoyote. Kwa E iliyokuwa ubaoni angeweza kuandika CHILDREN, na wengi wetu tungeshukuru. Yeye aliziona O mbili na E zilizotawanyika katika mstari mmoja, akapachika herufi zake katikati yake na kuandika CHLORODYNE, jina la dawa ya zamani ya Kiingereza iliyokuwa na afyuni. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Kifaransa bila kukizungumza, baada ya kukariri orodha ya maneno kwa wiki tisa hivi; fainali alimshinda mchezaji wa Gabon. Mwaka 2024 akautwaa ule wa Kihispania mjini Granada.

Wapo wanaobeza kwamba huko ni kukariri tu, kwa kuwa mchezaji hajui maana ya nusu ya maneno yake. Kukariri hakutoshi. Orodha ya maneno yanayokubalika, ile ya Collins, ina maneno yapatayo 280,000, na kila mchezaji ana dakika 25 kwa mchezo mzima. Neno lazima lipatikane, likae mahali pake ubaoni, na wakati mwingine likataliwe. Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, mjini Perth mwaka 2015, anatoka katika kundi la wachezaji wanaosifika kwa kuchagua neno fupi hata pale wanapoliona refu, ili wasimfungulie mpinzani ubao. Uamuzi huo haumo katika kamusi yoyote.

Nasi tuna mtaji wetu. Q isiyo na U huwatesa wageni, lakini QADI na FAQIR kwetu ni kadhi na fakiri. Orodha ya Collins inakubali pia MZEE, UHURU, UGALI na KANZU, na MZEE huondoa Z yenye alama 10 kwa urahisi. Ukitaka kuanza, jifunze kwanza maneno ya herufi mbili, kisha kila zamu panga herufi zako kialfabeti kabla ya kukisia chochote. Mwezi wa kwanza utaona unajichelewesha bure. Endelea tu.