Hongera, Walinda Malango wa Canal Saint-Martin

Mashua ya abiria ikitoka mto Seine kuelekea La Villette, jijini Paris, hupanda mita 25 katika mwendo wa kilomita nne na nusu tu. Wanaoipandisha ni walinda malango wa Canal Saint-Martin, na leo nawapa hongera zao.

Napoleon ndiye aliyeagiza mpango wa mfereji mwaka 1802, hasa ili wakazi wapate maji safi, nao ulifunguliwa 1825. Una vyumba tisa vya kupandishia vyombo. Mashua huingia, milango mizito hufungwa nyuma yake, kisha vilango vidogo hufunguliwa na maji ya juu humiminika ndani. Hapo ndipo penye kazi. Yakiachiwa kwa pupa, mashua itasukwasukwa na kugonga ukuta. Kwa hiyo mlinda lango hufungua kidogo, huangalia kamba zinavyokaza, hungoja, ndipo huongeza. Milango ya mbele haifunguki mpaka maji ya pande zote mbili yalingane. Subira ya namna hiyo naiheshimu mno.

Karibu kilomita mbili za safari ni chini ya ardhi, kwenye handaki lenye matundu ya mwanga, likipita chini ya nguzo ya Bastille. Kwenye sehemu ya wazi kuna madaraja mawili ya barabara yanayozungushwa kando ili mashua ipite. Magari husimama, baiskeli husimama, na watu huegemea kingo wakipiga picha za mashua. Natamani wampige picha na yule aliye kwenye mitambo.