Msasa Uliomfuta Fundi

Mlioitazama ile filamu ya kumsaka mchongaji wa bakuli kuukuu la Kisii mliona mambo yalipoharibikia. Kabla hata mzee mmoja hajaulizwa, mtaalamu aliligeuza bakuli, akalowesha msasa, akasugua kitako mpaka kikang'aa. Alitaka rangi ya jiwe itoke vizuri kwenye kamera. Akamzika fundi mara ya pili.

Kitako ndicho saini ya chombo cha Tabaka, linakochimbwa jiwe hilo. Juu, kazi huishia kwa wasuguaji, wengi wao wanawake, na maji, msasa na nta vikishapita, alama za kisu hazipo tena. Chini hapaangaliwi sana, na hapo ndipo panga na msumeno huacha mistari yake. Huyu hukata akivuta, yule akisukuma. Mwingine panga lake lina pengo, na kila pigo huacha uzi mmoja katikati. Jiwe lenyewe laini, hata ukucha hulikwaruza. Kusugua kidogo tu, ushahidi wote unakuwa tope jeupe kwenye beseni. Nalo beseni tulilionyeshwa kwa karibu, kana kwamba ni jambo la kujivunia!

Mfua fedha wa London wa karne ya 18 alisajili alama yake Goldsmiths' Hall. Ukizikuta herufi zake nyuma ya kijiko, mara nyingi daftari litakufikisha kwake. Tabaka haina daftari. Ina kitako.

Kilipofutika, wenye filamu wakashika kibandiko kilichoandikwa "Kisii", wakaiweka karakana ya fundi mjini Kisii. Nimelisema miaka yote na sitachoka: Kisii ni jina la sokoni. Jiwe huchimbwa Tabaka, Mugirango Kusini, na Kisii ya wilaya ya zamani ilibeba hata Nyamira ya leo. Madalali walilikuza jina hilo, majina ya mafundi yakabaki machimboni.



Elkana Ong'esa wa Tabaka alimchonga Enyamuchera, ndege wa heri kwa Wagusii, na ndege huyo alipofika makao makuu ya UNESCO, Paris, alifika na jina la aliyemchonga. Wenzake wa zamani wanastahili hivyo hivyo. Geuza chombo, kimulike kutoka ubavuni, kipige picha, uipeleke Tabaka kwa waliochonga bega kwa bega na marehemu. Msasa usiguse kitu kabla hawajaiona.