Kikwapa, Kaba na Kofia ya Mkono

Meli za kitalii zenye usiku wa vazi rasmi kwa kawaida humtaka mwanamume avae suti nyeusi na tai. Baadhi ya kampuni za meli hizo, hata hivyo, hukubali pia vazi rasmi la taifa. Kwa hiyo kijana wa Kinjumbi, huku kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, akialikwa kwenye karamu ya namna hiyo, asihangaike kuazima suti mjini. Aende kwa fundi. Kanzu nyeupe iliyokatwa vizuri, kofia ya mkono, makubadhi safi, na koti juu kama upepo wa bahari ni mkali. Joho amwachie bwana harusi.

Kazi iko kwenye huko kukatwa vizuri.

Kanzu ina unyenyekevu wa kudanganya. Ukiitazama utadhani ni kitambaa kilichoachwa kidondoke tu kutoka mabegani. Suti ina pamba begani, bitana kifuani na mapindo ya kumsitiri mwenye kitambi. Kanzu haina pa kujificha: kosa la bega huteremka mpaka kwenye pindo, upande mmoja ukaning'inia na mwingine ukafagia sakafu. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hupima mabega yote mawili. Ni wachache wetu wenye mabega yanayolingana, hasa sisi tuliobebeshwa mizigo tangu utotoni.

Badani mbili, ya mbele na ya nyuma, ndizo mwili wa kanzu. Ubavuni, kuanzia chini ya kwapa, hutiwa taharizi zinazopanuka kadiri zinavyoshuka. Hizo ndizo zinazompa mtu hatua. Fundi akizibana ili aokoe kitambaa, mteja wake atapanda ngazi za meli kwa vihatua vya aibu. Kisha kuna kikwapa, kipande kidogo kinachoshonwa pale mkono unapokutana na ubavu. Hakuna mgeni wa karamu atakayekiona. Lakini inua mikono kwa takbira, au inyoshe kumkumbatia mtu, ndipo utajua kama kimewekwa sawasawa: kanzu hutulia mahali pake, au hupanda yote na mishono kuanza kulalamika. Nimemtazama fundi akifumua kikwapa ambacho mwenye kanzu alikwisha kukisifu. Alikuwa ameona kitambaa kimejikunja kidogo. Mteja alikuwa na haraka. Fundi hakuwa nayo.

Ndani ya shingo hukaa kaba, inayobeba jasho na msuguano ili kitambaa cha nje kisichakae mapema. Sijafu ndizo zinazoupa mwisho wa mkono uzito wa kukaa vizuri. Kuhusu darizi ya shingoni, ladha yangu ni uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, ule ambao mtu huuona akisogea kusalimia. Waganda, waliopata kanzu kwa wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, wamechagua uzi wa rangi ya damu ya mzee, na kwao inapendeza.

Kofia ni habari nyingine kabisa, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, inayofanyika majumbani kati ya shughuli na shughuli. Kofia ya mkono ina duara la juu na ukanda wa pembeni. Ua huchorwa kwanza kwenye kitambaa. Kisha vitundu hutobolewa kimoja kimoja, na ukingo wa kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka ukaze. Vitundu hivyo hupitisha hewa kichwani, na ndivyo pia vinavyolifanya ua lionekane. Kofia moja yaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Hesabu ndiyo mtihani: ua likianza vibaya halitakutana na mwanzo wake ukanda ukizunguka, na hakuna uzi wa kulificha pengo hilo. Mnunuzi mjuzi haitazami kofia kwa nje. Huigeuza, akatafuta mafundo. Kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei nafuu, nami sizibezi. Zinafaa kwa kwenda dukani.

Pwani hii ilijua zamani thamani ya nguo njema. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, amesimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, nguo alizovaa akitoka kwenye sala ya Ijumaa. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe alizirudisha nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Simulizi hilo husifiwa kwa ukarimu wa Sultani. Mimi hukwama kwenye ile bei, kwamba watu kumi walitolewa ili mavazi yarudi kabatini.

Anayetaka kanzu ya safari asimwendee fundi mwisho wa Ramadhani, maana foleni ya Idi haina huruma. Ajaribu kuivaa akiwa amekaa, si kusimama tu, kwa kuwa karamu ni ya mezani. Kofia ifuliwe kwa mkono, itiwe wanga na ikaushwe juu ya kitu cha duara kinacholingana na kichwa chake. Akiisafirisha, aijaze kitambaa laini ndani na aiweke juu ya nguo zote sandukuni.