Lulu Isiyochorwa

Lulu iliyo sikioni mwa msichana wa Johannes Vermeer haina kulabu wala kitanzi cha kuining'iniza. Mchoraji aliijenga kwa miguso michache ya rangi: doa zito jeupe juu kushoto, linapotua mwanga, na mng'ao hafifu chini, unaotoka kwenye ukosi mweupe wa nguo yake. Hakuna mstari unaouzunguka mviringo. Macho yetu ndiyo yanayoumalizia, na hufanya hivyo bila kutuarifu.

Mtu anaweza kuitazama picha hii miaka mingi asiligundue jambo hilo. Akiketi kuichora upya kwa penseli za rangi, atakutana nalo siku ya kwanza. Ndiyo sababu naihusudu kazi hii ya kunakili, ambayo wengi huipa jina la mchezo wa wanaojifunza.

Vermeer aliichora karibu mwaka 1665 mjini Delft, Uholanzi, kwa rangi za mafuta juu ya turubai ya sentimita 44.5 kwa 39. Mwaka 1881 iliuzwa mnadani kwa gilda mbili tu, ikiwa chafu na imechakaa. Leo iko katika jumba la Mauritshuis, The Hague.

Anayepaka mafuta aghalabu huanza na giza. Hutandika kahawia na nyeusi, huupandisha mwanga tabaka kwa tabaka, na mwisho kabisa huchovya brashi kwenye nyeupe nzito akaweka doa moja juu ya yote. Penseli haikubali utaratibu huo. Rangi yake imeshikanishwa kwa nta au mafuta, nayo hunasa katika vijishimo vya karatasi. Vikishajaa, karatasi huwa laini na haipokei tena. Ukipitisha penseli nyeupe juu ya nyeusi unapata ukungu wa kijivu. Kwa hiyo weupe wote wa picha ni karatasi yenyewe, na huna budi kuulinda tangu mwanzo: doa la lulu, nukta za mwanga machoni, unyevu wa mdomo wa chini. Alichokiweka Vermeer mwishoni, wewe unakiamua kabla ya kitu kingine chochote, kisha unachora kila kilicho kando yake. Huwezi kuifuata njia yake. Inakupasa uielewe, uirudie kinyumenyume.

Pua ndiyo inayonishangaza kuliko vyote. Upande ulio kwenye nuru, hakuna mpaka kati ya mgongo wa pua na shavu. Ngozi ni moja, imetandazwa, nasi tunaapa kwamba tumeiona pua. Mkono wa mchoraji wa penseli huwashwa na hamu ya kuweka mstari pale, walau mwembamba, na ukiuweka tu, uso unakufa. Badala yake unapitisha rangi ya malai, juu yake waridi, juu yake njano ya udongo, mkono ukiwa mwepesi kiasi kwamba pito moja peke yake halionekani. Shavu moja linaweza kula jioni nzima. Kilemba cha msichana nacho kina mahitaji yake: buluu ya Vermeer ilisagwa kutoka jiwe la lajiwardi lililosafiri toka Afghanistan, ghali mno, na penseli moja ya buluu haitoshi kuifikia. Itie zambarau chini, kijani kidogo pembeni, ndipo inaanza kupumua.

Halafu inakuja kompyuta, na hapa baadhi ya wachoraji hukunja uso. Sikubaliani nao. Skana huzila rangi hafifu. Ngozi uliyoihangaikia hutoka imepauka na chembe za karatasi zimejitokeza. Kurudisha uzito wa rangi kwenye programu ni kuitendea haki kazi ya mkono. Tena unaweza kuweka taswira ya picha halisi kama tabaka yenye uwazi nusu juu ya mchoro wako, ukajua papo hapo kwamba jicho la kushoto limeshuka kidogo. Ninachokikataa ni kile kichujio kinachogeuza picha yoyote kuwa "penseli" kwa kubonyeza mara moja. Aliyebonyeza hajaamua lolote kuhusu pua.

Vincent van Gogh, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, alizichora upya picha za Jean-François Millet akitazama chapa zisizo na rangi. Rangi zote alizitoa kichwani mwake. Hakuna anayeziita picha hizo wizi. Kuhamisha kazi kutoka zana moja hadi nyingine humlazimu mtu ajibu maswali ambayo picha ya kwanza haikumwuliza.

Swali moja la namna hiyo liko nyuma ya msichana. Sote tunamjua akiwa mbele ya giza tupu. Wataalamu walioichunguza picha mwaka 2018 walionyesha kwamba palikuwa na pazia la kijani lenye mikunjo, lililopakwa kwa nili na rangi ya njano ya mmea juu ya weusi. Rangi hizo zilififia na kubadilika kwa karne nyingi. Penseli juu ya karatasi inaweza kuchagua usuli mmoja tu. Kwenye kompyuta naweka tabaka mbili, moja ya giza la leo na nyingine ya pazia, nikiziwasha na kuzizima kwa zamu. Pazia likiwepo, wekundu wa midomo na shavu unapata mpinzani wake, kivuli cha shingo kinapoa, naye msichana anakuwa mtu aliyeketi ndani ya chumba fulani, si uso unaoelea gizani. Ninaposafisha nakala ya kuchapishwa, tabaka ya pazia ndiyo ninayoichagua, ingawa watazamaji wengi huidai ile nyeusi waliyoizoea.