Gramu 16 za Dhahabu

Mnunuzi wa dhahabu mjini Geita huzima feni kwanza. Kisha huweka punje kwenye sahani ya mzani, hufunga vioo vyake, na dukani kimya hutanda. Pumzi tu yaweza kuitikisa namba ya mwisho. Aliyeshuka kuchimba duarani, aliyesaga mawe karashani, aliyeosha mchanga mwaloni, wote wamekodolea macho gramu moja na vipande vyake. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe hapa Machi 2019 nimesimama mbele ya mizani hiyo mara nyingi, na kila mara humkumbuka Gordon Murray.

Murray alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946, akaenda Uingereza kusanifu magari ya mashindano. Mwaka 1988 timu yake ya McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16. Moja iliyowaponyoka ilikuwa ya Italia, na walipokuwa wakisubiri ndege Milan, wazo la gari la barabarani likapata miguu. McLaren F1 ilizinduliwa mwaka 1992. Hadi uzalishaji unakoma mwaka 1998, zilikuwa zimetengenezwa 106 tu. Dereva huketi katikati, abiria wawili nyuma yake kidogo, mmoja kila upande. Injini ya silinda 12, kazi ya Paul Rosche wa BMW, ina ujazo wa lita 6.1 na nguvu za farasi 627 bila turbo. Machi 1998 gari hilo lilifikia kilometa 386 kwa saa. Kwa mwendo huo, Shinyanga hadi Kahama ni dakika zisizofika 20.

Wengi husifu mwendo. Mimi nausifu mzani. Murray alipima kila kitu kama mnunuzi aliyezima feni: bodi ya nyuzi za kaboni, spana za titani, hata redio ilitakiwa iwe nyepesi. Gari zima likawa na kilo 1,138. Noah inayobeba abiria kwenye barabara zetu za vumbi ni nzito kuliko hilo.

Likabaki suala la moto. Injini imebanwa nyuma ya mgongo wa dereva, na gundi inayoshika nyuzi za kaboni haivumilii joto kali. Kinga nene ingerudisha uzito uliokwisha kupunguzwa kwa jasho. Basi wakatandika ndani ya chumba cha injini karatasi nyembamba ya dhahabu, gramu kama 16. Dhahabu hurudisha karibu joto lote linaloimulika, haishiki kutu, na hukubali kufuliwa hadi gramu moja ifunike mita moja ya mraba. Ukiziyeyusha gramu hizo 16 utapata donge lisilofika ukubwa wa ncha ya kidole. Lakini kwa mawe yanayotoa gramu 4 kwa tani, donge hilo ni tani 4 za mawe. Aliyewahi kubeba kiroba kimoja kutoka duarani anajua hiyo ni kazi gani.

Huku Usukumani dhahabu hugeuka ng'ombe, bati za nyumba, ada ya shule, na ni halali yake. Nilipojua kwamba kuna mahali imepewa kazi ya kulinda injini, chini ya mfuniko ambako mpita njia haioni, niliiheshimu upya.

Mafundi wetu wa makarasha nao wana umakini kama wa Murray. Nimemwona mmoja akisikiliza mlio wa mipira ya chuma ndani ya pipa, akatambua mawe yamepungua kabla hajafungua. Lakini alipounda pipa jipya alikata bati nene kuliko lililohitajika, kwa tahadhari tu, na kila siku injini inazungusha chuma kisicho na kazi kwa dizeli ya kununua. Walimu wa VETA Shinyanga na wenye karakana wote wa Kahama na Geita, nawaomba: wekeni mzani kando ya mashine ya kuchomelea.