Namna Linux Ilivyoliondoa Kufuli Lake Kubwa
Kuusuka upya msimbo, yaani kubadili mpangilio wa ndani wa programu pasipo kubadili kazi anayoiona mtumiaji, huchukuliwa na wengi kuwa usafi tu, ilhali historia ya Linux inaonyesha kwamba faida yake kubwa ni kurudisha maarifa yaliyopotea. Toleo la 2.0 lilipotoka mwaka 1996, kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo endeshi, iliwezeshwa kutumia prosesa kadhaa kwa njia ya mkato: kufuli moja lililoruhusu prosesa moja tu kuwa ndani ya kerneli kwa wakati mmoja. Kufuli la programu kwa kawaida huizuia kazi moja isiiguse data inayotumiwa na nyingine; hili halikufungamana na data yoyote mahususi, bali liliuzingira msimbo, tena lilijiachia lenyewe kila kazi iliyolishika ilipolala kusubiri, hata ikawa vigumu kusema kwa yakini lilikuwa likilinda nini.

Kulifuta kwa mkupuo kungeviharibu viendeshi vingi, yaani programu ndogo zinazoviunganisha vifaa na kerneli, kwa hiyo lilisukumwa chini hatua kwa hatua. Mwaka 2005, katika toleo la 2.6.11, viendeshi vilipewa mlango wa pili wa kupokelea amri, usiopitia kufuli hilo, huku ule wa zamani ukiachwa wazi. Kila kiendeshi kilichohama kililichukua kufuli ndani yake, na hapo mtunzaji wake, ambaye ndiye akijuaye, akaamua kama linahitajika au kufuli dogo linatosha.

Kigumu zaidi kilikuwa ReiserFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliotegemea ile tabia ya kufuli kujiachia. Frederic Weisbecker aliupa kufuli lake wenyewe, kisha ikabidi kila mahali panapoweza kulaza kazi pawekwe amri ya wazi ya kuliachia, na hivyo jambo lililokuwa likitendeka kimyakimya likaandikwa ndani ya msimbo ambamo msomaji yeyote angeliona. Upekuzi huo, kwa hakika, ulikuwa na thamani kubwa kuliko kasi iliyopatikana.

Arnd Bergmann aliondoa mabaki ya mwisho katika toleo la 2.6.39, Mei 2011, miaka 15 baada ya kufuli kuwekwa. Msimbo uliokosa mtu wa kuushughulikia, ukiwamo wa smbfs, mfumo wa kufikia mafaili kupitia mtandao, ulikwisha kusogezwa pembeni, kisha ukafutwa.