Uso Unaosomeka: Kurekebisha Kamera ya Ulinzi kwa Jua na Vumbi la Dodoma

Kamera nyingi za ulinzi hukabidhiwa mchana. Fundi anamwonesha mwenye duka skrini, rangi zinang'aa, mabati ya jirani yanaonekana mpaka misumari, hela inalipwa. Lakini kamera ya duka hununuliwa kwa ajili ya uso wa mtu atakayeingia mlangoni jua likiwa mgongoni mwake, au atakayepita getini usiku kwa hatua za haraka. Picha isiyoonesha uso huo haina msaada, hata ikipendeza namna gani.

Chukua fremu moja ya vifaa vya ujenzi pale Majengo, Dodoma mjini. Mlango unatazama magharibi, kamera moja ya pikseli milioni mbili iko juu ya kaunta, nyingine iko nje. Mwenye duka alilalamika kwamba kuanzia saa kumi alasiri kila mteja anageuka kivuli cheusi, na usiku kamera ya nje inaonesha ukungu mweupe. Fundi wa mwanzo alikuwa amejaribu kutibu yote mawili kwa kupandisha mwangaza kwenye menyu hadi karibu na mwisho.

Hapo ndipo wengi hupotea. Kitufe cha mwangaza hakiongezi nuru inayoingia kwenye lenzi; kinanyanyua tu kile ambacho kamera imeshakipata. Cheusi kinakuwa kijivu, eneo la mlango linaungua na kuwa jeupe tupu, na uso haujulikani bado. Mwangaza na kontrasti vilirudishwa katikati, vikaachwa viguswe mwisho kabisa.

Kazi ilianza kwa bisibisi. Kamera ya kaunta ilikuwa ikitazama duka zima pamoja na kipande cha anga, na kwa kuwa hupima nuru ya picha nzima, anga ndiyo iliyoamua giza la nyuso. Ilishushwa kidogo, anga ikatoka, lenzi ikabanwa mlangoni. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ili mtu usiyemfahamu atambulike. Kamera yenye pikseli 1920 kwa upana inafikisha hapo eneo lisilozidi mita 7.7. Anayetaka kamera moja ilinde duka, kibaraza na barabara ataona watu wakipita bila kuwajua.

Ndipo ikawashwa WDR. Katika hali hiyo kamera hupiga picha mbili au zaidi kwa mfululizo, ya haraka kwa sehemu yenye jua na ya polepole kwa kivuli, kisha huziunganisha. Kwa mlango wa magharibi saa kumi na moja jioni, hakuna mpangilio mwingine unaoikaribia. Usiku, hata hivyo, inaleta chenga, na mtu anayetembea huweza kuonekana na kingo mbili. Kwa hiyo iliwekewa ratiba: mchana iwake, saa moja usiku izime. Dodoma iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na saa ya jua kuzama hubadilika kwa chini ya saa moja mwaka mzima, hivyo ratiba hiyo haihitaji kuguswa kila msimu.

Kiini cha kazi ya usiku ni shata, yaani kilango cha nuru cha kamera. Kamera iliyoachiwa ijiamulie yenyewe gizani mara nyingi huiacha wazi kwa sekunde 1/25. Mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde anakuwa amesogea karibu sentimita 6, na uso wake unapakazika. Kwa sekunde 1/100 anasogea sentimita 1.4, na macho na pua vinasomeka. Kasi hiyo inapunguza nuru hadi robo, na pengo hilo lizibwe kwa taa, wala si kwa kupandisha geini inayojaza picha chenga. Kipunguza chenga nacho kiwekwe chini, kwa sababu huchanganya picha zinazofuatana na kuupakaza uso uleule tuliotaka kuuokoa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ya duka hilo ilikuwa kwenye hezi 60, ndiyo maana mistari ya giza ilikuwa ikipanda na kushuka skrini nzima. Kwa hezi 50 na shata ya 1/100, mistari ilikwisha.

Ule ukungu wa nje haukuwa na dawa kwenye menyu. Ulikuwa vumbi. Kiangazi cha uwanda huu wa kati, Mei hadi Novemba, kinafunika kioo cha kamera kwa udongo mwekundu, na taa za infraredi zilizo pembeni mwa lenzi hulimulika vumbi hilo kabla ya kufika kwa mtu. Kitambaa laini chenye maji kilitosha, kikavu kinakwaruza. Taa ya nje ilifungwa mbali na kamera, maana mvua zikianza Desemba wadudu huifuata taa na buibui huwafuata wadudu.

Yalibaki mawili ya haraka. Saa ya kamera ilikuwa GMT+8, saa tano mbele yetu, hivyo tukio la saa mbili usiku Jumanne lingeandikwa saa saba usiku wa Jumatano. Ikawekwa GMT+3. Na mlango wa nyumba ya jirani ulifunikwa kwa kiziba picha kilichomo kwenye menyu, kwa kuwa sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023.

Kama una kamera dukani au nyumbani, mwombe mtu apite mbele yake saa mbili usiku kwa mwendo wa kawaida, kisha isimamishe rekodi usoni pake. Usipomtambua, mwite fundi wako kabla hujanunua kamera nyingine.